Asiyekuwapo na Lake Halipo: Mikataba ya Biashara Katika Mwambao wa Rumonge

Wahenga walisema ya kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Aghalabu sisi walimu huitumia methali hii kumwonya mwanafunzi mtoro. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji wetu kuitumia kwa jambo pana zaidi, yaani historia ya mapatano ya biashara yaliyoutawala mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika tangu siku za misafara hata siku zetu hizi.

Mtu akifika Rumonge alfajiri, kiasi cha kilomita 75 kusini ya Bujumbura, hukuta mitumbwi ikirudi na ndagala na mukeke. Wanawake husubiri ufukoni na beseni zao, na madumu ya mafuta ya mawese hupangwa tayari kwa safari. Atasikia Kirundi na Kiswahili vikipokezana katika mdomo mmoja. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Kusini kidogo ni Kigoma. Mwisho kabisa wa ziwa ni Zambia. Katika eneo lote la ziwa, Burundi ina kiasi cha asilimia 8 tu. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Rumonge hawezi kwenda mbali kabla hajaigusa sheria ya mwingine. Samaki yule yule aitwaye mukeke kwetu huitwa mgebuka Kigoma, na akivuka mpaka hubadili jina na ushuru pia.

Swali letu katika makala hii ni jepesi kulitamka. Mapatano yanayoiongoza biashara hii yalifanywa na nani, kwa lugha gani, na watu wa mwambao walikuwa wapi siku hiyo?

Sokoni Ujiji

Yafaa tuanze na wakati ambapo mapatano yalifanywa uso kwa uso. Katika karne ya 19 soko kubwa la ziwa lilikuwa Ujiji. Huko zilikutana bidhaa za pande zote: mafuta ya mawese kutoka mwambao wa Urundi, chumvi ya Uvinza, samaki, nafaka, nguo na shanga za pwani. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza, Verney Lovett Cameron, alifika hapo akaandika habari za fedha ya soko hilo. Ilikuwa shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya mtemba uliovunjika.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Asubuhi soko lilipoanza, watu wenye mifuko ya sofi walikaa tayari kuwabadilishia wanunuzi waliokuja na shanga za namna nyingine. Jioni soko lilipovunjika, watu hao hao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Faida waliipata mara mbili, asubuhi na jioni. Naam, wabadilishaji fedha hawakuzaliwa jana.

Hatutaki kuupamba wakati huo kuliko ulivyostahili. Katika Ujiji hiyo hiyo watumwa waliuzwa, na bunduki za misafara ziliharibu nchi nyingi. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuusogeza utawala wake hata ncha ya kaskazini ya ziwa, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Pamoja na hayo, mama aliyeleta mafuta ya mawese sokoni alikijua kipimo kilichotumika. Aliiona shanga kwa macho yake, aliijua faida ya mbadilishaji, na bei isipompendeza aliweza kujitwika mtungi wake akarudi. Mapatano yalikuwa madogo, lakini yalifanywa mbele yake na kwa lugha aliyoijua.

Meza ya Berlin

Miaka 11 tu baada ya Cameron kuzitazama sofi, biashara ya mama huyo ilijadiliwa mahali ambapo yeye hakupajua hata kwa jina. Tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi tarehe 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 walikutana Berlin. Watu wengi hukumbuka mkutano huo kwa habari ya kugawana Afrika. Wachache hukumbuka kwamba sura ya kwanza ya mkataba wake ilikuwa ya biashara.

Sura hiyo ilitangaza kwamba biashara ya mataifa yote itakuwa huru katika bonde la mto Kongo. Kisha ikalieleza bonde hilo kwa mipaka yake, na mpaka wa mashariki ukapitishwa nyuma ya mito imiminikayo katika Ziwa Tanganyika. Maana yake ni kwamba vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Bururi na kupita Rumonge vilitiwa ndani ya mkataba. Maji yetu yalikuwapo Berlin, wenyewe hatukuwapo. Hapakuwa na mjumbe wa Mwezi Gisabo, hapakuwa na mjumbe wa Seyyid Barghash wa Unguja, wala hapakuwa na Mwafrika ye yote mezani.

Neno huru ni zuri, na mwalimu wa lugha hana budi kuliuliza: huru kwa nani? Mkataba ule ulikataza kutoza ushuru wa kuingiza bidhaa katika eneo lote hilo, na jambo hilo lingetazamwa tena baada ya miaka 20. Mfanyabiashara wa Ulaya aliyetaka kuleta nguo na vileo aliupata uhuru huo mara moja. Lakini nchi isiyoweza kutoza ushuru hukosa fedha za hazina, na kodi hiyo hutafutwa kwingine: katika mgongo wa mpagazi, katika kodi ya kichwa na katika kazi ya lazima. Haukupita muda mrefu, mwaka 1890, mataifa hayo yenyewe yakaona kwamba serikali za kikoloni zahitaji fedha, yakaruhusu ushuru usiozidi asilimia 10. Mlango ulifunguliwa upya haraka pale wenye meza walipouhitaji.

Kiganda, 1903

Huenda msomaji akasema: basi dawa ni kuwapo mezani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Tarehe 6 Juni 1903, mahali paitwapo Kiganda, Mwami Mwezi Gisabo alikuwapo yeye mwenyewe. Alipatana na Wajerumani baada ya vita virefu na baada ya baadhi ya watawala wadogo kumgeukia. Aliukubali utawala wa Kaiser, akatozwa faini ya ng'ombe 424, akatakiwa kuacha njia za misafara na misheni bila kuzisumbua.

Mkataba huo ulikuwa wa siasa, na ndani yake ulikuwamo wa biashara pia, kwa sababu njia ya msafara ni njia ya bidhaa. Mwenye nchi alikuwapo, lakini alikuwapo mbele ya mtutu wa bunduki. Hapo ndipo tunapojifunza kwamba kuketi mezani hakutoshi. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito.

Faranga moja kwa mwaka

Sasa tufike kwenye mkataba ambao twaona wastahili kufundishwa katika kila shule ya mwambao, nao haufundishwi sana.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba, iliteremshwa majini Kigoma mwaka 1915. Kwa reli na meli, safari ya miezi ya wapagazi iligeuka kuwa safari ya siku chache. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliziteka Urundi na Kigoma yenyewe. Vita vilipokwisha, Uingereza na Ubelgiji zikaketi kugawana. Tarehe 30 Mei 1919 Lord Milner wa Uingereza na Pierre Orts wa Ubelgiji walipatana: Ruanda na Urundi zikawa za Ubelgiji, na Kigoma ikaenda kwa Uingereza pamoja na Tanganyika.

Lakini Ubelgiji ilihitaji njia ya kufika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo tarehe 15 Machi 1921 mataifa hayo mawili yalitia saini mkataba mwingine. Bidhaa za Kongo ya Kibelgiji na za Ruanda-Urundi zikapewa ruhusa ya kupita Tanganyika bila ushuru wa forodha. Ubelgiji ikapangishwa viwanja viwili, kimoja katika bandari ya Dar es Salaam na kimoja katika bandari ya Kigoma. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake ulikuwa milele. Viwanja hivyo vikajulikana kwa jina la Belbase.

Na tuyapime maneno haya mawili, faranga moja na milele. Hakuna mwenye nyumba katika mji wa Rumonge ambaye angepangisha chumba chake kwa masharti hayo. Ikiwa mpangaji anapata chumba milele kwa faranga moja, si mpangaji tena. Yeye ni mwenye nyumba, na faranga ile ni ya kufunika jambo.

Uingereza iliwezaje kuipangisha milele bandari ya Kigoma? Yenyewe ilikabidhiwa Tanganyika kama amana, chini ya Shirikisho la Mataifa lililoundwa baada ya vita. Mwenye amana huilinda mali, haigawi. Wavuvi wa Kigoma hawakuulizwa. Wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam hawakuulizwa. Warundi nao, ambao mizigo yao ingepita hapo, hawakuulizwa pia.

Hapa twapaswa kusema ukweli hata kama unatuchoma. Mkataba huu haukuwa mbaya kwetu sisi wa upande wa Urundi. Nchi yetu haina bahari. Chumvi, nguo, mabati na vyuma vilivyoshushwa Usumbura vilipita Kigoma, na kahawa iliyopandwa milimani kwa amri ya wakoloni ilitoka kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ni rahisi kwetu kuukemea mkataba wa Berlin ulioturuka, tukanyamaza juu ya mkataba wa 1921 uliotufaa. Lakini haki isiyopimwa ila kwa faida ya mpimaji si haki. Kama twadai kuulizwa, hatuna budi kudai Kigoma nayo iulizwe.

Mlango wafunguliwa upya

Aliyelisema jambo hili waziwazi alikuwa Julius Nyerere. Mwishoni mwa Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, akiwa Waziri Mkuu, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba Tanganyika haitajiona imefungwa na mikataba ya Belbase. Hoja yake kwa ufupi ilikuwa kwamba mtawala aliyekabidhiwa nchi kwa muda hawezi kuipangisha ardhi ya nchi hiyo kwa muda usio na mwisho.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, serikali yake iliuarifu Umoja wa Mataifa kuhusu mikataba ya nchi mbili mbili iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Mikataba hiyo ingeendelea kwa miaka miwili, ili kila mmoja upate kutazamwa. Ule ambao ungefanyiwa mapatano mapya ungebaki, na mingine ingehesabiwa kuwa imekwisha, isipokuwa ile inayosimama kwa desturi za sheria za mataifa. Nchi nyingine zilizopata uhuru baadaye, na Burundi miongoni mwao, ziliifuata fikra hiyo kwa namna zao.

Msomaji atambue busara iliyomo. Nyerere hakuichana mikataba siku moja, wala hakukusudia kuwafungia majirani njia ya bahari. Alichokataa ni neno milele. Alitoa muda, akaita wahusika, akataka mapatano yafanywe na wale ambao nchi ni yao. Tangu hapo haki ya nchi zisizo na bahari ilianza kuandikwa mahali pa wazi: katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1965 juu ya biashara ya kupita, na tena katika Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Mwaka 2006 Burundi, Kongo, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitia saini mkataba wa kuisimamia pamoja Njia ya Kati, ile ile ya reli na ziwa. Ukiyaweka mapatano hayo kando ya yale ya 1921 utaona tofauti. Kuna gharama, kuna malalamiko na kuna ucheleweshaji, lakini walioketi ni wenye njia na wenye mizigo.

Miaka ya vikwazo

Hata hivyo, wenyeji wakiketi wao kwa wao, haki haiji yenyewe. Jambo hili sisi wa umri wetu tulijifunza tukiwa wanafunzi.

Tarehe 25 Julai 1996 serikali ya Burundi ilipinduliwa. Tarehe 31 Julai nchi jirani zilikutana Arusha zikaamua kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Lengo lilikuwa amani: kurudisha Bunge na vyama, na kuwaleta wote waliopigana kwenye mazungumzo. Nyerere, yule yule wa 1961, ndiye aliyekuwa msuluhishi. Hatuna haja ya kulihukumu lengo hilo, na mazungumzo ya Arusha yalizaa mkataba wa amani uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.

Lakini tuangalie mzigo ulimwangukia nani. Mafuta ya taa na petroli yalipanda bei, mbolea na dawa zikaadimika. Wenye nguvu na mitaji walipata njia za panya, wakauza kwa bei waliyoitaka. Twakumbuka madaftari yaliyoandikwa kwa penseli, yakafutwa, yakaandikwa tena. Mwezi wa Aprili 1997 nchi zile zilivilegeza vikwazo, zikaruhusu vyakula, dawa, vifaa vya shule, vya kilimo na vya ujenzi. Hatimaye tarehe 23 Januari 1999 zikavisimamisha vyote.

Kulegezwa huko ni ushahidi. Kwaonyesha kwamba miezi mingi ilipita kabla ya chaki na kalamu kutengwa na silaha katika orodha. Kama mama mmoja wa sokoni, mwalimu mmoja na mganga mmoja wangaliulizwa mapema, wangalisema siku ya kwanza yale yaliyokuja kutambuliwa mwezi wa tisa. Mkataba unaojali watu hupimwa kwa swali hili: aliyeandika orodha alimjua atakayekosa?

Wakulima waenda mahakamani

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Wakati huo Jumuiya ilikuwa katika majadiliano na Umoja wa Ulaya juu ya Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1963, kwa mkataba wa Yaoundé, Burundi na nchi nyingine 17 za Afrika ziliungana na soko la Ulaya. Mwaka 1975, kwa mkataba wa Lomé, nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilizungumza kwa sauti moja, zikapata mfuko wa kuwafidia wauzaji wa mazao bei zilipoanguka. Kahawa yetu ilikuwa katika orodha ya mfuko huo. Mazao ya mchikichi nayo yalikuwamo, ingawa mafuta ya Rumonge huliwa na kufanywa sabuni hapa hapa nchini, hivyo orodha ile iliyatambua yale tu yaendayo Ulaya.

Mkataba mpya ulidai jambo ambalo Lomé haikulidai: nchi zetu nazo zifungue masoko yao. Afrika Mashariki ilitakiwa kuondoa hatua kwa hatua ushuru kwa zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa zitokazo Ulaya. Ni rahisi kuona hofu ya mkulima. Maziwa ya unga na vyakula vilivyosaidiwa na serikali tajiri vikiingia bila ushuru, ng'ombe wake ataishia wapi?

Mwaka 2007 wakulima wadogo wa Kenya, kupitia jukwaa lao, walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi. Hawakusema biashara na Ulaya ni mbaya. Walisema mkataba unaogusa riziki yao wajadiliwa bila wao kujua kilichomo. Kesi ilichukua miaka 6. Mwaka 2013 mahakama iliiagiza serikali iweke utaratibu wa kuwashirikisha wahusika katika majadiliano, wakulima wadogo wakiwamo, na kuuacha umma uujadili mkataba.

Twaliona tukio hili kuwa kubwa kuliko lilivyotangazwa. Tangu Berlin 1885 hadi Nairobi 2013 ni miaka 128. Kwa mara hiyo mtu wa jembe alisimama mbele ya hakimu akasema, nilipaswa kuwapo, na hakimu akamjibu, ni kweli.

Majadiliano yalipomalizika Oktoba 2014, kila nchi ilipima kwa mizani yake. Kenya na Rwanda zilitia saini tarehe 1 Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Rais wake mstaafu Benjamin Mkapa alieleza hadharani kwa nini aliona mkataba ungeviumiza viwanda vichanga. Burundi nayo haikutia saini. Kwa kuwa ni nchi maskini zaidi, tangu mwaka 2001 ilikuwa na haki ya kuuza Ulaya kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru, na bila kutakiwa kufungua soko lake. Kenya haikuwa na haki hiyo, na maua yake yalikuwa hatarini kutozwa. Hatimaye ilipatana peke yake tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Ndani yake ziliwekwa ahadi juu ya haki za wafanyakazi na hifadhi ya mazingira. Ahadi ni deni, na wadai wa deni hilo ni wale wanaozifahamu ahadi.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Hapa ndipo shughuli inapotufikia sisi. Mali bila daftari hupotea bila habari; na daftari lililoandikwa kwa lugha usiyoijua ni sawa na kukosa daftari.

Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 uliifanya lugha rasmi kuwa Kiingereza, na Kiswahili kikapewa nafasi ya lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Tarehe 27 Februari 2021 wakuu wa nchi wakakubali kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pia. Mwaka uliofuata Kongo ikajiunga. Leo pwani zote za ziwa letu, isipokuwa ya Zambia, zimo katika Jumuiya moja ambayo Kiswahili ni lugha yake rasmi. Lakini mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika, uliotiwa saini Kigali mwaka 2018, uliandikwa kwa Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza na Kireno. Kiswahili hakimo.

Tutoe mfano mdogo. Sheria za Jumuiya zampa mfanyabiashara mdogo nafuu. Akiwa na bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000, aweza kujaziwa mpakani cheti chepesi cha kuthibitisha asili ya bidhaa, akapita bila ushuru wa forodha. Tuliwahi kuwapa wanafunzi wetu zoezi la kuwaeleza wazazi wao habari hii kwa Kiswahili cha kawaida. Siku ya pili mwanafunzi mmoja alirudi na swali la mama yake, mwuza ndagala: nafuu hiyo ilianza lini? Tulipomjibu kuwa ilikuwapo kwa miaka mingi, mama alituma neno moja tu: kumbe.

Neno hilo kumbe limebaki nasi. Ndani yake mna gharama ya miaka yote ambayo haki ilikuwapo na mwenyewe hakuwapo. Hakuna aliyeificha haki hiyo katika sanduku. Ilichapishwa, ikawekwa muhuri, ikagawiwa ofisini. Ilikosa mtu wa kuileta ufukoni kwa lugha ya ufukoni.

Kwa hiyo twawapendekezea walimu wenzetu mambo matatu. Kwanza, mkataba wa 1921 na hotuba ya 1961 viingie katika masomo yetu ya insha na mjadala, ili kijana ajue kwamba mkataba hutungwa na watu na waweza kutazamwa upya na watu. Pili, chama chetu kikusanye maneno ya forodha na mikataba, kiyatafutie Kiswahili ambacho mvuvi wa Rumonge, wa Uvira na wa Kigoma wote watakielewa, tena kwa kuwauliza wao kwanza. Tatu, kila mkataba wa biashara unaojadiliwa kwa jina letu tuudai kwa Kiswahili kabla ya saini, si baada yake. Kutafsiri baada ya saini ni kumsomea mtu hukumu. Kutafsiri kabla ya saini ni kumpa kiti.

Jioni, mitumbwi inapowasha taa zake na kuelekea kilindini kutafuta ndagala, mwambao wa Rumonge huonekana kama mji mwingine juu ya maji. Wale waliomo mitumbwini hawatakuwapo Arusha wala Brussels kesho asubuhi. Lakini swali lao laweza kuwapo, kama tutaliandika vizuri na kulipeleka kwa wakati.